Kabla ya Kushika Msumeno: Kuwafundisha Vijana Kutunza Miti ya Nairobi

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko nchini Kenya, na serikali iliwaomba wananchi waitumie kupanda miti. Siku hiyo ilitokana na mpango uliotangazwa Desemba 2022 wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mimi niliifurahia kwa dhati, kwa sababu si jambo dogo watu wa kila tabaka kuacha shughuli zao na kuinama pamoja juu ya mashimo ya miche. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 69, imeiagiza serikali ifanye bidii ili angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya ifunikwe na miti. Kwa hiyo nia tunayo, sheria tunayo, na miche tunayo. Mtu akipita Barabara ya Ngong au Barabara ya Kiambu atawaona wauza miche wamepanga bidhaa zao kando ya lami mwaka mzima. Tunachokikosa Nairobi ni mafundi. Mche unaopandwa kando ya barabara leo utahitaji mtu wa kuuelekeza ukiwa na miaka mitatu, mtu wa kuukagua ukiwa na miaka thelathini, na mtu wa kuupanda kwa kamba ukiwa na miaka sitini, na mtu huyo, katika hatua zote tatu, hapaswi kuwa kibarua aliyekabidhiwa panga asubuhi hiyo hiyo.

Nimefanya kazi ya kutunza miti ya barabarani na ya viwanja vya watu kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwafundisha vijana. Wengine wanatoka Kayole na Mathare, wengine Kangemi na Kawangware. Wengine wana cheti cha misitu, na wengine hawakupata karo ya kuendelea baada ya kidato cha nne. Ninaandika haya kwa sababu ninasadiki kwamba kuwafundisha hawa ndiko kuliko na haraka zaidi katika habari nzima ya miti ya jiji letu, na kwa sababu ninaona kila siku jinsi kazi hii inavyochukuliwa kuwa jambo ambalo mtu yeyote mwenye nguvu za mikono anaweza kulifanya.

Miti inayoipamba Nairobi haikujiotea. Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu aina za miti zinazokua haraka, wakati ambapo reli ilihitaji kuni za kuendeshea garimoshi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Peter Greensmith alisimamia bustani za jiji kwa takriban miongo miwili, na sehemu kubwa ya barabara zenye vivuli tunazojivunia ni matunda ya enzi hiyo. Mijakaranda ambayo asili yake ni Amerika Kusini, na ambayo kati ya Septemba na Novemba huyafunika magari yetu kwa maua ya zambarau, imekuwa sehemu ya Nairobi kiasi kwamba wengi wetu tunashangaa kusikia kuwa ni mgeni. Sasa, miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Mijakaranda mingi mikubwa ya jiji imekwisha kupita ujana, imekatwa na mikono mingi isiyojuana, na ndani ya mashina yake kuna uozo ambao mpita njia haoni. Kila masika, upepo na mvua huangusha matawi makubwa, na wakati mwingine miti mizima, juu ya magari na nyaya za umeme, na kila mara mjadala hurudi kwenye swali moja tu, kwamba mti ukatwe au usikatwe. Ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyeukata mara ya mwisho, na alikatia wapi.

Ninapopokea kundi jipya, huanza na kile ambacho wanakijua tayari, kwa maana wanajua mengi kuliko wanavyodhani. Wengi wao wamekulia, au wazazi wao wamekulia, katika mashamba ya Murang'a, Kirinyaga, Embu au Meru, ambako mgrevilea hupandwa kwenye mipaka ya shamba na kukatwa matawi kila baada ya miaka michache. Mkulima hukwea akiwa na panga, akayafyeka matawi moja baada ya jingine, hadi abakize kishungi kidogo kileleni, na pengine asibakize chochote. Matawi huwa kuni, majani hutandazwa chini ya ng'ombe, mahindi hupata jua, na baada ya mvua mbili mti unachipua upya. Huo ni ustadi wa kweli na ni kilimo cha busara. Mgrevilea unavumilia mkato wa namna hiyo, mkulima anahitaji kuni, na tawi likivunjika litaangukia migomba.

Shida huanza pale ustadi huo unapoletwa mjini na kutumiwa juu ya mjakaranda mkongwe ulioinama juu ya kituo cha matatu. Mti uliokatwa kichwa umepoteza karibu majani yake yote kwa siku moja, na majani ndiyo yanayoupatia chakula. Gome lililozoea kivuli cha matawi yake lenyewe linapigwa ghafla na jua la mwinuko wetu, linaungua na kupasuka. Mti unajibu kwa kutoa machipukizi mengi chini ya kila mkato, wima na ya haraka, na mwenye kiwanja anafurahi akisema kuwa mti wake umepona. Machipukizi hayo, hata hivyo, hayakuanzia ndani ya mti kama tawi lililokua pamoja na shina tangu mwanzo. Yameshikwa na tabaka la nje tu, kama rafu iliyopigiliwa kwenye plasta bila kufika kwenye jiwe. Huku yakiongezeka uzito mwaka baada ya mwaka, kigutu yanachokishikilia kinaoza kutoka juu kwenda chini. Mti uliokatwa kichwa kwa ajili ya usalama unakuwa, baada ya miaka michache, wa hatari kuliko ulivyokuwa kabla ya kuguswa, na hapo mwenye kiwanja hulipa tena, safari hii ili uangushwe kabisa.

Kijana mmoja hakukubaliana nami katika jambo hili, na nilimheshimu kwa kusema. Aliniambia, "Mwalimu, shosho amekata migrevilea yake hivyo tangu nizaliwe, na haijawahi kumwangukia mtu." Nilimjibu kuwa shosho wake yuko sahihi kabisa, kisha nikampeleka pamoja na wenzake kwenye kiwanja kimoja huko Kilimani, ambako tulikuwa tumeitwa kushughulikia mjakaranda uliokuwa umekatwa kichwa zamani. Tuliliteremsha kwa kamba mojawapo ya machipukizi hayo, ambalo sasa lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, na lilipobanduka lilitoka na kipande chembamba cha mbao ya nje, na chini yake palikuwa na uozo wa kahawia uliomeguka kwa vidole. Alikishika kile kipande kwa muda mrefu, akakigeuza. Baadaye aliuliza swali ambalo nilikuwa ninalingoja: kama huku hatutafuti kuni, basi tunatafuta nini tunapokata? Ninaona kuwa mafunzo yote yanaanzia katika swali hilo. Barabarani tunatafuta mti utakaosimama kwa miaka mingi, wenye matawi machache yaliyoshikana vizuri, yasiyozuia taa za barabarani wala kugonga paa za mabasi, na kila mkato lazima uwe na sababu ambayo mkataji anaweza kuitamka kabla ya kuinua msumeno.

Kwa hiyo majuma ya kwanza hatukati kitu. Tunatembea. Tunapita Barabara ya Ikulu, tunapita mitaa ya Kileleshwa, tunavuka kwenda Barabara ya Jogoo na Buruburu, na mbele ya kila mti mkubwa ninawataka waanzie chini, kwa sababu macho ya mwanafunzi hukimbilia juu. Je, udongo umeinuka upande mmoja, dalili kwamba mizizi inang'oka? Je, shina linapanuka linapoingia ardhini, au linaingia wima kama nguzo, dalili kwamba limefukiwa kwa kifusi? Je, kuna uyoga mgumu uliojishikiza kwenye kitako cha mti? Kisha shina: nyufa, sehemu zilizobonyea, gome lililokufa, misumari ya matangazo ya waganga na ya wauza viwanja. Tunaligonga kwa nyundo ya mpira na kusikiliza. Mbao nzima ina sauti moja, na uvungu una nyingine. Kisha panda za matawi, hasa zile zinazofanya herufi V iliyobana, ambamo gome limenaswa katikati na mashina mawili hayajashikana hata kidogo. Mwishoni ndipo tunatazama kileleni: nyaya, matawi makavu, viota, nyuki. Korongo wakubwa waliozoea kuweka viota juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wamewafunza Wanairobi wengi kwamba mti wa barabarani ni makazi pia, na mwanafunzi wangu anajua kuwa kiota chenye makinda kinaahirisha kazi, isipokuwa pale ambapo maisha ya watu yamo hatarini.

Vilevile tunauliza watu. Chini ya mti mkubwa wa Nairobi hakukosi mtu: mama mboga, fundi wa viatu, muuza mahindi ya kuchoma, mwendesha bodaboda anayengoja abiria, askari wa geti. Hao wanauona mti kila siku, na mkaguzi anauona mara moja. Ninawafundisha vijana wasalimie kwanza, waeleze wametumwa kufanya nini, kisha waulize. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki na nyanya chini ya kifabakazi, ule mti wenye maua mekundu ya rangi ya moto, alimwambia mwanafunzi wangu, "Mwanangu, tangu walipochimba huu mtaro wa nyaya, upande ule haujatoa maua vizuri." Alikuwa ametueleza, kwa usahihi kamili, kwamba mizizi ya upande mmoja ilikuwa imekatwa na kwamba sehemu ya kichwa cha mti iliyoitegemea ilikuwa ikidhoofika. Tulifukua kidogo kwa mikono na kuiona mizizi yenyewe, imekatwa wima kwenye ukingo wa mtaro.

Ndipo tunafika kwenye msumeno. Mahali tawi linapoungana na shina kuna uvimbe, pengine wazi na pengine hafifu, ambao mimi huuita shingo ya tawi. Ndani ya shingo hiyo mti una ukuta wake wa kujikinga. Mtaalamu wa Marekani Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi hiyo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine ili aone ndani jinsi inavyopambana na vidonda, na kuanzia miaka ya 1970 alionyesha kuwa mti hauponi kwa maana tunayoijua sisi. Hautengenezi upya nyama iliyoharibika, bali huizungushia kuta na kuendelea kukua juu yake. Ukikata ndani ya shingo ili mkato uwe bapa na shina, umebomoa ukuta huo. Ukiacha kigutu kirefu, umeuachia uozo mlango. Mkato sahihi unapita nje kidogo ya shingo, na baada ya misimu michache mti huufunika kwa duara la gome jipya. Duara likiwa kamili pande zote, mkataji alifanya vizuri. Likiwa na mapengo juu au chini, alikosea, na mti umeiandika kumbukumbu hiyo kwa yeyote anayeweza kuisoma.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Kwanza mkato wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, usiovuka robo au theluthi ya unene. Kisha mkato wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke bila kuchana gome la shina. Mwisho, kigutu kilichobaki huondolewa nje ya shingo. Mwanafunzi huufanya mtindo huo mara nyingi kwenye magogo yaliyolala chini kabla ya kuufanya juu ya mti ulio hai. Kuhusu kupaka rangi, lami au oili chafu kwenye kidonda, ambako bado kunaonekana kote jijini, ninawaambia waache. Shigo na waliomfuata hawakupata ushahidi kwamba dawa hizo huzuia uozo. Mimi hupendelea pia tukate wakati wa ukavu, Januari na Februari au Julai na Agosti, badala ya katikati ya mvua wakati ambapo kuvu hustawi. Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa katika nchi zenye majira ya baridi kali na husema mti ukatwe ukiwa umelala. Miti yetu hailali namna hiyo, na mwalimu wa Nairobi lazima aseme kwa lugha ya masika na vuli.

Kiasi nacho kina kikomo. Kwa mti mzima hatuondoi zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na kwa mti mkongwe hata robo ni nyingi. Mwenye nyumba anayetaka "uonekane kwamba umekatwa" hawezi kuridhika kirahisi na kazi hiyo, kwa kuwa mti uliopogolewa vizuri hauonekani kama umeguswa, na sehemu ya mafunzo ni kumwezesha kijana kusimama mbele ya mteja huyo na kumweleza kwa adabu bila kurudi nyuma.

Kuhusu kukwea nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hujifunzwa kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Tunatumia kamba mbili, mshipi wa kupandia, helmeti, na fundo la msuguano ambalo wapanda milima hulijua kwa jina la Karl Prusik wa Austria, fundo linaloteleza likiwa halina uzito na kujifunga linapobeba mtu. Msumeno wa mashine haupandi juu ya mti na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waya wa umeme wenye msongo mkubwa unaweza kumuua mtu hata asipougusa, kwa hiyo hakuna anayekwea karibu nao mpaka wenye laini wamezima. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na mafunzo, na ninawasomea vijana sheria hiyo ili wajue kuwa kukataa kupanda bila kamba si woga.

Jambo linaloniumiza zaidi katika jiji hili liko chini ya miguu yetu. Watu wengi wanadhani mizizi inashuka kama mti ulivyopanda, ilhali sehemu kubwa ya mizizi inayokunywa na kupumua iko katika sentimita 60 za juu za udongo, na inaenea mbali kupita ncha za matawi. Kisha linakuja kabro. Tunaupamba ukingo wa barabara kwa matofali ya saruji hadi kwenye gome la mti, tunaushindilia udongo kwa mashine, tunachimba mtaro wa maji mwaka huu na wa nyaya za intaneti mwaka ujao, halafu tunashangaa mti unapolala chini siku ya mvua. Mwanafunzi anayejua kupogoa lakini hajui kumzuia mchimba mtaro amejifunza nusu ya kazi. Tunawafundisha kupima na kuweka alama eneo lisilochimbwa, kuomba nyaya zipitishwe chini ya mizizi kwa bomba, kukata kwa msumeno safi mzizi ambao lazima ukatwe badala ya kuuacha ukipasuliwa na mashine, na kutandaza vibanzi vya matawi juu ya udongo bila kuvirundika shinani.

Udongo wenyewe unaligawa jiji. Upande wa magharibi na kaskazini, Karura, Westlands na Lavington, kuna udongo mwekundu wenye kina, ambao mukinduri na miti mingi ya misitu yetu huupenda. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Pipeline na kwingineko, kuna udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mtu aweze kuingiza mkono, na huko mgunga wa gome la manjano huvumilia mahali ambapo mingine hufa. Kupanda mti uleule kila mahali kwa sababu ndio uliopatikana kwenye kitalu ni kuitupa fedha. Nasisitiza hili kwa sababu mitaa ya Mashariki ya jiji ndiyo yenye kivuli kidogo zaidi, na wengi wa wanafunzi wangu wanaishi huko. Ningependa ustadi wao ufike nyumbani kwao kabla ya kuishia kwenye viwanja vya wenye nazo.

Na kuna kazi isiyopigwa picha, ile ya mti mchanga. Kama ningepewa fedha kidogo tu, zote ningezitia hapo. Mche uliokaa sana kwenye karatasi, yaani mfuko wake wa kitaluni, una mizizi inayozunguka, na isipokatwa au kunyooshwa siku ya kupanda itaukaba mti ukiwa mkubwa. Shimo linapaswa kuwa pana kuliko kina, na mche usizame kuliko ulivyokuwa kitaluni. Katika kiangazi cha kwanza unahitaji mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki, na mtu anayejulikana kwa jina ambaye ndiye wa kuumwagilia. Halafu, kati ya mwaka wa pili na wa tano, anakuja fundi na mkasi wa kupogolea, anachagua shina moja la kuongoza na kuyafupisha yale yanayoshindana nalo yakiwa bado na unene wa kidole gumba. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi, haihitaji ngazi, na inaiondoa ile panda ya herufi V ambayo baada ya miaka arobaini ingehitaji timu nzima, kamba, na barabara kufungwa.

Novemba 2020, mugumo wa zaidi ya miaka mia moja uliokuwa kwenye njia ya barabara ya juu kwa juu, kando ya Waiyaki Way huko Westlands, uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupaza sauti. Nilijivunia jiji langu siku hiyo. Mugumo ni mti mtakatifu kwa Wagikuyu, na hata vijana wangu wasioshika mila hupunguza sauti wanapoukaribia. Lakini mti uliookolewa na amri bado una mizizi iliyozungukwa na saruji, moshi na mitikisiko, nao unahitaji jicho la fundi mwaka baada ya mwaka, muda mrefu baada ya waandishi wa habari kuondoka. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kusimama mbele ya wanyakuzi wa Uhuru Park na Karura, alituonyesha jinsi ya kuutetea mti usikatwe. Utunzaji wa miti aliyotuachia ni wajibu wa kizazi hiki, na kizazi hiki kina vijana wengi wasio na kazi.

Mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani uliwaajiri vijana wengi wa mitaa ya mabanda kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Nilikuwa ninawatazama wakifanya kazi chini ya miti iliyohitaji msaada, na ninaamini kwamba mpango wowote wa namna hiyo ungeweza kutenga sehemu ya vijana wake wawe wanagenzi wa miti, wakalipwa wakijifunza. Kulipwa ni jambo la lazima. Kijana anayemtunza mamake hawezi kujitolea kwa mwaka mzima, na mafunzo ya bure yasiyo na posho huwachuja maskini kwanza. Wasichana nao wasiachwe. Wakweaji wangu wawili walio watulivu kuliko wote ni wasichana, na mteja anayewatilia shaka hunyamaza akiwaona wakishusha tawi bila kugusa dirisha.

Kisha kuwe na cheti chenye maana. Mwashi, fundi bomba na fundi umeme wa Kenya wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hata kama walijifunzia kazini, na ngazi hiyo hiyo ingewafaa sana watunzaji wa miti. Shirika la kimataifa la wataalamu wa miti, ISA, ambalo chanzo chake ni mkutano uliofanyika Marekani mwaka 1924, hudai uzoefu wa miaka mitatu, au masomo yanayofidia sehemu yake, kabla ya kumruhusu mtu kufanya mtihani wake. New York, jiji lililohesabu zaidi ya miti 660,000 ya barabarani katika sensa yake ya 2015 kwa msaada wa wakazi waliojitolea, huwapa leseni raia wa kawaida waliosomea kupogoa, mradi watumie vifaa vya mkono na wabaki chini. Mfano huo wa mwisho ningependa kuuona katika vyama vya wakazi vya hapa kwetu, kwa miti michanga tu, chini ya usimamizi wa fundi mwenye daraja.

Hata hivyo, cheti hakitamsaidia kijana iwapo zabuni zitaendelea kuandikwa kama zilivyo sasa mara nyingi, kwa kutaja idadi ya miti na bei pekee. Mkandarasi anayelipwa kwa wingi wa matawi aliyoyaondoa, na anayeuza magogo juu yake, ana kila sababu ya kukata zaidi. Ningependa zabuni ya kaunti, ya shule, ya hospitali au ya chama cha wakazi itaje mambo manne: kwamba mwenye kushika msumeno ameonyesha ustadi wake mbele ya mtahini, kwamba kila mti umekaguliwa na sababu ya kila mkato mkubwa imeandikwa, kwamba hakuna mti utakaokatwa kichwa, na kwamba sehemu ya malipo itazuiwa. Mkaguzi arudi baada ya masika mawili, atazame kama vidonda vinafunikwa kwa duara kamili, na sehemu hiyo ya malipo itolewe baada ya yeye kutia sahihi.